Usivunje tenki la zamani siku ya kuhama

Dada mmoja wa Muscat kaniandikia, nafupisha maneno yake: ana tenki la matumbawe la lita 120, lipo sebuleni mwaka wa tatu huu, ndani mna zoa zilizoenea kwenye mawe mawili, tochi moja ya vichwa vinne, nyundo moja, uyoga, montipora ya sahani iliyofika upana wa kiganja (hayo yote ni majina ya matumbawe na jamaa zao, si vitu), na samaki wa anemoni wawili. Sasa kanunua tenki la lita 450. Mumewe anasema kazi yote imalizwe Ijumaa moja, wahamishe maji yale yale na mchanga ule ule ili tenki jipya lianze likiwa limeshaiva, na la zamani lichukuliwe jioni hiyo hiyo kwa sababu mnunuzi kashapatikana. Dada anauliza kama hivyo ni sawa, na kama si sawa afanyeje, na hilo la zamani akiamua kubaki nalo atalitumia kwa nini.

Dada yangu, nianze na huyo mnunuzi. Mwambie asubiri mpaka miezi miwili baada ya kuhama, akiona mbali mwache aende zake, manake hilo tenki la lita 120 ndo bima yako. Siku ukiona tochi imefumba haifunguki kwenye tenki jipya, au amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki, imepanda usiku na maduka yamefungwa, utahitaji pahala pa kuwarudisha wanyama wako, na pahala pazuri kuliko pote ni kule walikokaa miaka mitatu. Watu wengi niliowaona wakipoteza matumbawe wakati wa kuhama hawakupoteza kwa sababu hawajui, walipoteza kwa sababu jioni ilipofika kulikuwa hakuna pa kurudi.

Sasa hilo la kuhamisha maji ili tenki "liive". Shemeji hana kosa, hilo linasemwa sana, lakini wale bakteria wanaokula amonia na kuigeuza naitraiti kisha naitreti hawaishi ndani ya maji, wanajishika juu ya mawe, kwenye mchanga, kwenye sponji ya filta, kwenye kioo, popote penye uso wa kushikika. Ukimwaga maji yote ukabaki na mawe tenki lako bado limeiva, ukichukua maji ukaacha mawe umechukua maji tu. Maji ya zamani yana faida moja, yana kemia ambayo matumbawe wako wameizoea, kwahiyo ukichanganya nusu ya zamani na nusu mapya si vibaya, mi mwenyewe nafanya hivo. Ila usiyategemee kwa kuiva.

Mchanga ndo usiuguse kabisa. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii tulihamisha tenki la mteja, mchanga ulikuwa umekaa miaka minne, kina kama sentimita nane, tukauchota kwa bakuli tukaumimina kule kwenye tenki jipya na samaki tayari wamo. Maji yakawa kama uji wa mtama. Baada ya nusu saa ikaanza kutoka harufu ya yai viza, na pale bakuli lilipochimba chini niliona mchanga mweusi kama masizi. Ile ni gesi ya salfa inayojijenga chini kabisa pasipofika oksijeni, ikikaa pale pale haina neno, ukiichimbua ni sumu, na pamoja nayo unafukua uchafu wa miaka yote ambao unakuwa amonia usiku huo huo. Saa nne usiku samaki wote walikuwa juu wanahema, asubuhi tulitoa sita wamekufa na akropora zote, wale matumbawe wa matawi, zimebanduka ngozi, mifupa mieupe mitupu. Tangu siku ile mchanga wa zamani kwangu ni mambo mawili, unabaki ulipo au unatolewa ukaoshwa mpaka maji yatoke meupe, na ukishaoshwa hivo hesabu kwamba ni mchanga mpya hauna bakteria. Wewe nunua mpya, ule wa aragonaiti, yani wa chokaa. Ukitaka mbegu chota kikombe kimoja tu cha juu juu, sentimita ya kwanza, basi.

Kabla ya mnyama yeyote, tenki jipya lenyewe. Lita 450 ni zaidi ya kilo 450 za maji, ongeza kioo, mawe na meza yake, unapita kilo 600, kwahiyo liweke karibu na ukuta wenye nguvu na upime usawa kwa pimamaji kabla hujatia hata tone, manake kioo kilichokaa upande kinabanwa pembeni na silikoni ndo inayoumia. Lijaze maji ya kawaida uliache siku tatu, weka karatasi kavu ya jikoni chini ya kila pembe, asubuhi ukipapasa karatasi na iko kavu unaendelea.

Maji ya kutengenezea chumvi yawe ya kuchujwa, yale ya mashine ya osmosi yenye na kile chujio cha mwisho cha resini. Najua ya bomba huko kwenu ni maji ya bahari yaliyosafishwa na watu wanayaona laini, lakini yanatiwa klorini na yanapita kwenye mabomba usiyoyajua. Na nakuomba sana, usitumie yale yanayodondoka kwenye kiyoyozi! Watu wa Ghuba huyakusanya kwa ndoo wakiona ni kama maji ya mvua, kumbe yamepita juu ya koili ya shaba na alumini iliyojaa vumbi. Shaba kidogo tu inaua konokono, kamba na matumbawe wakati samaki wanaogelea kama hakuna kitu. Chumvi ni kama gramu 38 kwa lita, inategemea chapa, soma ndoo yake, uichanganye kwenye pipa lenye pampu na hita masaa 24, upime kwa refraktometa, kile kipima chumvi, ifike 35 kwa elfu.

Alafu kuna kipimo ambacho wengi wanakiruka na ndicho kinachounguza ncha za montipora, alkaliniti, yani nguvu ya maji ya kuzuia pH isishuke, inapimwa kwa dKH. Chumvi nyingi za siku hizi zikichanganywa zinatoka na dKH 11 au hata 12. Tenki la miaka mitatu lenye matumbawe wanaokula, ambalo naona kwenye ujumbe wako hujawahi kuliongezea kitu zaidi ya kubadilisha maji, linaweza kuwa na 7. Ukimtoa tumbawe kwenye 7 ukamtia kwenye 11 ndani ya dakika kumi anashtuka, na huoni siku hiyo, unaona siku ya nne ngozi inaanza kurudi nyuma. Pima tenki zote mbili. Kama zimepishana, kwenye jipya tumia chumvi inayotoka na 8 au 9, na lipandishe la zamani taratibu, nusu dKH kwa siku, mpaka zikutane kwenye 8 au 9, kalsiamu 400 mpaka 450, magnesiamu karibu na 1300, zote miligramu kwa lita. Chukua wiki nzima kama lazima.

Kuivisha tenki jipya sasa. Weka mawe makavu, washa pampu na hita kwenye digrii 25 au 26, alafu chukua mawe mawili madogo kutoka tenki la zamani, yale yasiyo na zoa wala kitu, uyahamishe yakiwa ndani ya ndoo ya maji yasikauke. Hao ndo walimu wa mawe mapya. Mengine yote yaache alipo samaki, usivue tenki la zamani mawe yake likabaki bila bakteria. Lipe tenki jipya amonia ya chupa mpaka ifike miligramu 2 kwa lita, na siku ambayo amonia hiyo inapotea yote ndani ya masaa 24 na naitraiti nayo ni sifuri, tenki linaweza kubeba roho. Kwa mawe mawili yaliyoiva inaweza kuchukua wiki mbili, inaweza kuchukua tano, huwezi kulilazimisha.

Wakati unasubiri, kagua matumbawe wako usiku kwa tochi ya simu, kwa sababu usipokagua sasa utahama na wadudu wako wote. Tafuta aipitasia, yule anemoni wa rangi ya kahawia kama mnazi mdogo, ukimgusa anajivuta shimoni. Usimkate wala usimkwangue, kila kipande kinaota mwingine, chukua chokaa ya maji ile ya kalsiamu haidroksaidi, ikoroge iwe kama dawa ya meno, zima pampu, umpake mdomoni kwa sindano. Angalia na vile vijibomba vigumu vya konokono vinavyotoa nyuzi za ute, vivunje kwa koleo na uzibe tundu kwa gundi.

Hapa kwenye zoa nikuombe utulie usome pole pole, manake hapa habari si ya tumbawe tena, ni ya watoto wako. Baadhi ya zoa na jamaa zao wa jenasi ya Palythoa wana sumu inaitwa palitoksini, iliyotolewa mara ya kwanza na wanasayansi wa Hawaii na kutangazwa mwaka 1971 kutoka kwa Palythoa toxica, na ni katika sumu kali kabisa zinazojulikana duniani zinazotoka kwa kiumbe. Kwa macho huwezi kujua ipi inayo na ipi haina. Kukaa nazo ndani ya maji hakuna shida, umekaa nazo miaka mitatu. Shida inaanza mtu anapotaka kusafisha jiwe: anaimwagia maji ya moto, au anaichemsha, au anasugua kwa brashi kavu, ule mvuke na vile vitone vinaingia puani na machoni. Kuna familia nzima zimelazwa hospitali kwa mtu mmoja kuchemsha jiwe la akwariamu jikoni. Kwahiyo vaa glavu ndefu na miwani ya kukinga macho, usiguse ukiwa na kidonda, ukikata kata ndani ya maji, watoto na paka wawe chumba kingine, na jiwe ambalo hulitaki tena lifungwe kwenye mfuko litupwe, lisichemshwe kamwe. Mtu akipata ladha ya chuma mdomoni, homa, misuli kuuma au kifua kubana baada ya kazi hiyo, hospitali mara moja na amwambie daktari neno hilo hilo, palitoksini.

Haya, kuhama. Usihamishe wote. Tanguliza uyoga mmoja na kipande kidogo cha zoa, wakae wiki. Wakifunguka vizuri anafuata nyundo, siku tatu nne baadae tochi, montipora mwishoni kabisa kabla ya samaki kwa sababu yeye ndo mwepesi wa kulalamika.

Tochi usimnyanyue akiwa amefunguka. Zima pampu, mpungie maji kwa kiganja kwa mbali, taratibu, minyiri itaanza kufupika, endelea mpaka vichwa vyote vinne viwe vimeingia ndani na unaona ukingo wa mfupa. Mshike chini kwenye tawi la mfupa, vidole visifike kwenye nyama, ingiza bakuli ndani ya tenki umtie huko huko chini ya maji, alafu nyanyua bakuli lote. Ukimtoa hewani akiwa amevimba, uzito wa maji ndani ya nyama unamvuta juu ya makali ya mfupa wake mwenyewe anachanika, na kwenye mchaniko ndo unaingia ule uozo wa kahawia kama jeli. Ukiuona ule siku yoyote, kichwa hicho kikatwe kitolewe saa hiyo hiyo, usisubiri kesho, unaruka kichwa hadi kichwa.

Wale wengine hewa ya dakika moja haiwaui. Sisi tuliokulia Tanga tumeyaona kwa macho, bamvua likifika maji yakapwa mpaka mbali, matumbawe ya juu ya mwamba yanabaki wazi kwenye jua yakitoa ute mpaka maji yarudi. Ila sponji hai, wale wanyama wanaoshika mawe, wakinge na hewa, ikiwaingia ndani haitoki, wanaoza, wahame ndani ya maji mwanzo mwisho.

Siku ya kuhama kila mmoja weka bakuli lake lielee ndani ya tenki jipya nusu saa joto lilingane, ongeza maji mapya kikombe kwa kikombe, alafu mgandishe kwa supagluu ya jeli ile isiyo na mchanganyiko wowote. Tochi na nyundo usiwaweke jirani wakagusana, mara nyingi tochi humchoma nyundo, na wote wawili waweke sentimita 20 kutoka kwa wengine, usiku tochi anatoa minyiri mirefu kuliko unavyoiona mchana.

Taa. Naona kwenye picha taa yako mpya ina nguvu kuliko ile ya zamani mara mbili au tatu. Ndani ya ngozi ya tumbawe mna mwani mdogo sana, huo ndo unaompikia sehemu kubwa ya chakula chake, na mwanga ukizidi ghafla, au joto, mwani unaanza kutengeneza sumu ndani ya mwenyeji wake naye anautema nje anabaki mweupe. Ndo kupauka huko, ni jambo lile lile lililotokea mwaka 1998 bahari ya Hindi ilipopata joto na miamba ya Kenya, Zanzibar mpaka Mafia ikageuka mieupe, ila kule ilikuwa joto, na wewe utaifanya kwa taa ndani ya siku tatu. Anza asilimia 40, wote waweke chini kwenye mchanga hata wale wa kukaa juu, panda asilimia 5 kila siku tatu nne. Ukiweza kuazima kipima mwanga, zoa, tochi na nyundo wanaridhika na PAR (kipimo cha mwanga unaotumiwa na mwani) 80 hadi 150, montipora atapanda juu kwenye 200 baada ya mwezi.

Zoa wakifumba siku nne tano usiogope wala usiwasogeze sogeze, kila ukimsogeza anaanza upya. Vumbi la kahawia kwenye mchanga mpya ni kawaida, linapita. Kinachonitia wasiwasi mimi ni watu kusafisha kupita kiasi mpaka naitreti na fosfeti zikasoma sifuri, hapo ndo inatoka ile kamasi yenye mapovu inayofunika kila kitu na kuiondoa ni kazi ya miezi. Acha naitreti iwe kati ya 2 na 10, fosfeti 0.03 mpaka 0.1, miligramu kwa lita, walishe wanyama wako bila woga.

Samaki ndo wanahama mwisho. Hapo mawe yote yameshahama, maji umeyapunguza mpaka shubiri moja, unawashika kwa kikombe bila kuwakimbiza na wavu. Ila jiwe moja lenye bakteria libakize tenki la zamani na pampu iendelee, umpe tone la amonia kila baada ya siku kadhaa bakteria wasife njaa.

Baada ya miezi miwili ya amani ndo tuzungumze tenki la zamani. Mimi ningelifanya karantini. Kila samaki na kila tumbawe utakayenunua kuanzia leo apitie huko kwanza, manake yale madoa meupe ya Cryptocaryon, kimelea cha samaki, yanasafiri hata kwenye kijiwe cha kipande cha tumbawe, yamejifunga kama yai, ndo mana wafugaji wengi huwaacha matumbawe siku 76 bila samaki kabla ya kuwachanganya. Lakini amua mapema, karantini ya samaki au ya matumbawe, kwa sababu samaki wanatibiwa kwa shaba, na tenki lililoingia shaba, silikoni na mawe yanaishika, mi silirudishi kwa matumbawe tena maisha. Lako lisiingie shaba, dawa za samaki zifanyie kwenye beseni la plastiki la lita 60.

Na kama nyumba inaweza kubeba tenki mbili za kupendeza, nina wazo jingine ambalo nalipenda mno. Osha ule mchanga wa aragonaiti wa zamani mpaka uishe chumvi, magamba ya chokaa kwenye kioo yalainishe kwa siki usiku mmoja, usipitishe wembe kwenye silikoni, alafu ligeuze maji matamu uweke samaki wa makombe wa Ziwa Tanganyika, Neolamprologus multifasciatus. Wenyewe hawazidi sentimita 5. Ziwa lile maji yake ni magumu na pH inakaribia 9, na aragonaiti ndo inayosukuma pH juu, yani mchanga unaotaka kuutupa ndo unaowafaa. Ziwani wanaishi ndani ya makombe matupu ya konokono Neothauma, wewe utatia makombe ya wale konokono wa kuliwa wa Kifaransa, thelathini hivi. Utawaona wanachota mchanga kwa mdomo na kuutema pembeni mpaka kombe linazama libaki mlango tu, na mwezi wa tatu au wa nne ukikaa kimya mbele ya kioo utaona vichwa vidogo kama punje ya mpunga vinachungulia mlangoni kwa mama yao.

Nitumie dKH ya tenki la zamani kabla hujaagiza chumvi, na picha ya chini ya hiyo tochi, kuna doa kwenye tawi la kushoto silipendi.